Sifa Ndani ya Rili

Jumamosi, 19 Oktoba

Alhamdulillahi, siku njema, ukiondoa saa moja ya mchana.

Nimeamka nikiwa na rili ya watu. Rili ni ile mashine inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia: unazungusha mkono wake, mshipi unajikunja wenyewe. Hii ni ya Mwalimu Cherono wa skuli yetu hapa Kipungani, mtu wa Bara. Amehamishwa, Jumamosi ijayo anaondoka. Kanipa niitumie wiki nzima, kwa kuwa nilimwahidi samaki wa kumuaga, kolekole, na kwa kuwa nilimwambia mimi ndiye niliyewafundisha wageni wa hoteli kuvua kwa rili. Hilo la pili lina ukweli ndani yake. Niliwabebea fimbo siku mbili.

Mwalimu huyu namheshimu. Binti yangu Razan alifika darasa la tatu hajui kusoma hata jina lake. Walimu wawili wa kabla walisema mtoto mzito. Mwalimu Cherono akabaki naye kila siku baada ya kengele, miezi minne, hakuombwa na mtu. Sasa Razan anasoma mpaka maandishi ya mfuko wa unga, na akimaliza upande mmoja anaugeuza. Kwa hiyo samaki huyu si mzaha. Na aliponikabidhi rili, Mwalimu alisema neno moja tu: ilikuwa ya baba yake, marehemu, hana kingine cha baba yake, na mama anaisubiri nyumbani. Nikamwambia ahesabu iko benki.

Saa saba nilikwenda pwani, maji yameanza kujaa. Nikaichomeka ile fimbo yenye rili mtangani (skuli wanasema mchanga, sisi twasema mtanga) nikaenda kibandani kupata kivuli kidogo. Nikamkuta Mohdhar, jirani yangu, na wenzake. Mohdhar anavua kwa mshipi wa mkono. Hana fimbo, hana rili, na kila siku anarudi na samaki, jambo ambalo nimewaeleza watu mara nyingi kuwa ni bahati. Wakaniuliza habari ya rili. Nikawaeleza. Kutoka kwenye rili nikaingia kwa yule papa niliyepigana naye mwaka wa mvua nyingi. Papa alianza akiwa na urefu wa mlango. Tulipofika katikati alikuwa na urefu wa dau. Hizi ni siku za bamvua, maji yanapanda kama yametumwa. Nilipogeuza mato kutazama pwani, fimbo haipo.

Nilikimbia. Niliikuta kwenye maji ya magoti, imelala, wimbi linaivingirisha mtangani mbele na nyuma kama mtu anasukuma chapati. Nikaiokoa. Nikazungusha mkono wa rili. Kru. Kru-kru. Kama mtu anayetafuna wali wenye mawe.

Nikawaambia wale kuwa samaki ameivuta. Mkubwa. Mohdhar akaichukua fimbo, akaitazama, akaniuliza kwa upole huyo samaki alivuta kitu gani. Nikatazama na mimi. Ndoana ilikuwa bado imetiwa kwenye pete ya fimbo kama ilivyotoka nyumbani. Sikuwa nimeweka chambo. Sikuwa nimeirusha.

Nikasema wako samaki wanaovuta fimbo yenyewe.

Namshukuru Mungu haikufika Somalia.


Jumapili, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Serikali imewakumbuka mashujaa wengine, na mimi sina kinyongo. Kwa kuwa imeangukia Jumapili, kesho pia skuli imefungwa. Siku mbili za kuitengeneza rili bila ya Mwalimu kupita hapa akielekea kazini. Mpangilio wa Mungu huo, si wa mtu.

Nimelifikiria jambo hili kisomi. Mtanga umeingia, maji ya bahari yameingia. Dawa ni kuosha. Nikajaza ndoo, nikaizamisha rili yote, nikaizungusha humo humo majini mara mia mbili. Niliitikisa pia.

Mke wangu Nadra alikuwa mlangoni. Akaniuliza maji hayo nimeyatoa wapi. Nikamwambia kisimani, nyuma ya nyumba. Kisima kile maji yake yana munyu, twaoshea miguu tu. Maji matamu ni ya mvua, yako kwenye jabia. Akasema: "Kwa hiyo umetoa maji ya bahari, umetia maji ya bahari yaliyopumzika."

Nikaizamisha tena, safari hii kwa maji ya jabia. Nikazungusha mara mia mbili nyingine, kwa haki.

Jana ilikuwa inasema kru mahali pamoja. Sasa inasema kila mahali. Inaelekea mtanga uliokuwa nje haukujua kwa kuingilia, na mimi nimeuonyesha ndia.

Jioni Mohdhar alipita akaniuliza kama yule samaki amenitumia salamu. Nilimshukuru kwa kuja. Jirani anayepita ni bora kuliko jirani asiyepita. Kidogo.


Jumatatu, 21 Oktoba

Nimepata dawa, na nashangaa sikuifikiria tangu mwanzo. Sifa.

Wa Bara hawaijui. Ni mafuta ya maini ya papa. Tunayapaka mbao za mashua na madau ili zisinywe maji. Nikajiuliza: kama sifa inalinda dau miaka thelathini ndani ya munyu, itashindwa na rili ya ukubwa wa embe?

Nilimwendea Mohdhar kumuomba sifa kidogo. Akaniuliza ya chombo gani. Nikasema changu. Akasema, "Bwana Famau, huna chombo." Nikamwambia ndiyo najiandaa. Akanipa chupa nzima, Mungu amzidishie. Nilianza na kijiko. Kisha kijiko. Kisha nikaona kijiko kinanichelewesha.

Kwa muda wa nusu saa rili ilinyamaza kabisa. Niandike hapa ijulikane: nusu saa. Nilimwita Nadra akasikie kimya hicho. Nikamwita na Mohdhar juu ya ua. Nikamwambia kuwa ufundi hausomewi, mtu huzaliwa nao. Akasema naam.

Alasiri rili ikaanza kuwa nzito. Ukizungusha mkono ni kama unakoroga uji, na ndani ya uji huo mtanga ule ule upo, sasa umepata pa kushikilia. Harufu nayo ikatoka. Paka wa Kipungani walianza kufika mmoja mmoja. Nilihesabu saba, kisha nikaacha kuhesabu. Mmoja mwenye sikio lililochanika alilala juu ya rili akakataa kuondoka, akinitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nadra ametoa hukumu: rili na mimi tutakaa barazani mpaka harufu iishe. Ameniletea wali wa nazi na changu wa kukaanga, akasukuma sinia kwa mguu. Wali ulikuwa mzuri sana. Wako waume wanaosahauliwa kabisa.


Jumanne, 22 Oktoba

Nimefanya lile ambalo mtu mwenye hekima hufanya wengine wakishindwa. Nimempigia simu Mahmud, mtoto wa marehemu ndugu yangu, fundi wa mashine za boti kule Amu mjini.

Nilimwambia rafiki yangu mmoja ana rili yenye tatizo. Akauliza ilikuwaje. Nikamweleza yote: rafiki yangu alishikwa na samaki wa kilo mia mbili, akakataa kuachia, akabururwa mtangani, akazama, akaibuka, rili mkononi, damu mdomoni. Nilikuwa sijafika pale rafiki yangu anapomkamata samaki pezi, Mahmud akanikata maneno.

Akasema: "Ami, nakuheshimu sana. Lakini tatizo lako wewe ni sifa."

Nywele zilinisimama. Sikuwa nimemtajia sifa. Hata neno. Simu yangu ni ya zamani, ina nyufa, haionyeshi hata picha vizuri. Na yeye yuko Amu. Harufu imefikaje?

Nikamuuliza amejuaje. Akasema ukoo mzima unajua, kwamba zimezidi, na kwamba nikizitoa sifa zote nitabaki na tatizo dogo tu ambalo mtu yeyote anaweza kulitengeneza.

Ukoo mzima. Nadra huyo.

Basi nikakiri. Mbele ya fundi mtu hafichi. Nikamwambia ni kweli zimezidi, nilianza na kijiko nikamaliza chupa, sasa anieleze nazitoaje. Akauliza polepole: chupa ya nini? Nikamwambia chupa ya sifa, ndani ya rili. Nikasikia kitu cha chuma kimeanguka. Kisha kicheko. Kisha vicheko vya watu wengine, kumbe yuko karakanani na simu ameiweka sauti ya wote. Sijui kulikuwa na nini cha kuchekesha. Vijana wa Amu wamekua mbali na papa.

Alipopata pumzi akanieleza vizuri, kwa adabu, kama alivyolelewa. Niifungue. Kila kitu ninachokitoa nikiweke juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio. Nioshe kwa mafuta ya taa na mswaki, nifute mpaka ikauke. Meno ya gurudumu la ndani yapate grisi kidogo, na beringi, zile pete zinazozunguka, zipate tone moja la mafuta mepesi. "Tone, Ami. Ukishika kijiko, nipigie kwanza." Mwisho akaongeza kuwa kabla ya yote hayo nisikilize kwanza inakwaruza wapi: nizungushe bila mshipi, kisha na mshipi, ndipo nijue pa kufungua. Lakini hilo alilisema mwisho, na mimi nilikuwa nimeshasimama.

Nimemuombea dua. Kijana anayenusa kosa kutoka Amu hadi Kipungani si kijana wa kawaida.


Jumatano, 23 Oktoba

Rili imefunguliwa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, asubuhi, barazani.

Mahmud alisema kwa mpangilio, nikavipanga. Kikubwa mwanzo, kidogo mwisho, kama watoto kwenye mstari wa skuli. Vilikuwa ishirini na saba. Vilipendeza mno, nikasimama kuvitazama. Nikaviosha kwa mafuta ya taa. Mswaki nilitumia ule wa kijani. Wangu ni wa buluu.

Sifa imetoka. Harufu imepungua. Paka wamerudi kwao isipokuwa yule wa sikio.

Shida ilianza kwenye kurudisha. Nilianza na kikubwa kwa sababu ndicho kilichokuwa mwanzo. Hakikukubali. Nikajaribu cha pili. Nacho kikataka cha kumi na nne kikae chini yake, na cha kumi na nne hakikumtaka mtu. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeifunga rili, imefungika vizuri, skrubu zote zimekaza, na juu ya kitambaa vimebaki vitu vitano.

Mohdhar alisimama pale kwenye ua. Akavitazama vile vitano. Akasema mashaallah, nimeipunguza uzito, nikiendelea hivyo itaelea, na siku nyingine ikiachwa pwani hakuna tabu.

Nikaifungua tena. Na hapo, hodi, Mwalimu Cherono. Amekuja kumsalimu Nadra. Nilitupa shuka juu ya meza na kukaa juu ya kilichobaki. Akaniuliza rili inaendeleaje. Nikasema imelala. Akacheka. Akasema baba yake jioni alikuwa anakaa mlangoni nayo, amesharudi ziwani, fimbo ameiweka, anauvuta mshipi na kuukunja tena huku anawaza mambo yake. "Tukiisikia tu, twajua baba yuko nyumbani."

Nilikuwa nimekalia beringi mbili wakati anasema hayo.

Alipokwenda zake sikuzungumza na mtu mpaka magharibi. Nadra alikuja akanigusa paji la uso. Nimekula nusu sahani. Rili ya mtoto wa watu, baba wa mtoto wa watu, na mimi nimeuweka urithi wake kwenye kitambaa kama dagaa wa kuanikwa. Aliyekaa na Razan wangu miezi minne. Kama Ijumaa nitampa hii katika mfuko, nitamtazama wapi?


Alhamisi, 24 Oktoba

Sijui nianzie wapi kumshukuru mke wangu, kwa hiyo nitaanza na kosa lake.

Nadra amenichukua video. Jana, kupitia dirishani, tangu skrubu ya kwanza. Aliipeleka kwa dada zake ili wacheke, na wamecheka, na mmoja wao aliyeko Faza amewaonyesha na majirani. Ndani ya video nasikika nikisema "hiki hakina kazi" mara tisa.

Lakini video hiyo hiyo ilionyesha kipi kilitoka kabla ya kipi.

Asubuhi akakaa mkabala na mimi, akaweka simu katikati, akaleta visanduku vyake vya cherehani: bisibisi ndogo, sindano, kitambaa laini, kichupa cha mafuta ya cherehani. Mepesi kama machozi. Tumekuwa nayo nyumbani miaka kumi na tisa. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nilikuwa nazungumza.

Tukaitazama video kwa nyuma, kidogo kidogo. Mwisho wake mwanzo wetu. Yeye anasema kipi, mimi natia. Kila kitu kilikubali. Ishirini na saba, hakikubaki hata kimoja. Akazungusha mkono. Kimya. Si kimya cha sifa, kimya cha kweli, kimya chepesi.

Nikataka kumwita Mohdhar. Nadra akasema bado. Akarudisha gurudumu la mshipi, akanipa ncha ya mshipi niivute huku yeye anakunja. Kru.

Akautoa mshipi. Kimya. Akaurudisha. Kru.

Nikamweleza kuwa ni mshipi wenyewe unaolalamika. Akasema mshipi hauna meno. Akasema basi kinachokwaruza ni kile mshipi unapokigusa, akaonyesha kwa sindano: kijigurudumu cha ukubwa wa kifungo cha shati, pale kwenye waya, ambapo mshipi unapinda kuingia. Hicho sikuwa nimekifungua. Nilikiona kidogo mno kuwa na ubaya.

Akakifungua. Ndani mlikuwa na chembe tatu za mtanga zimebanwa. Tatu tu. Na hapa ndipo pa ajabu: hazikuwa nyeupe. Mtanga wetu wa Kipungani ni mweupe kama unga. Hizi nyeusi, kama makaa. Nadra alizitazama kwenye ncha ya sindano kwa muda mrefu, akasema hizi si za huku.

Mimi nikajua mara moja. Samaki. Kumbe alikuwepo, na alitoka mbali, pengine Arabuni, akaja na mtanga wa kwao. Nimezitia chembe zote tatu kwenye kasha la kiberiti. Ushahidi wa Mohdhar huo.

Nadra akatia tone. Moja. Akauosha mshipi kwa maji ya jabia, akaufuta kwa kitambaa, akaukunja. Kimya. Nilitia kidole sikioni nikidhani limeziba.

Akarudi kwenye kofia aliyokuwa anaishona. Nilimwambia asante. Akasema nimtafutie mswaki mwingine.


Ijumaa, 25 Oktoba

Skuli imefungwa. Siku ya kumuaga Mwalimu, na samaki sina. Ilibaki asubuhi moja ya kuvua na sikuthubutu kuishusha rili pwani. Nimeiweka kabatini, nikafunga, nikampa Nadra ufunguo.

Saa mbili Mohdhar akapiga hodi na kolekole wa urefu wa mkono. Wa mshipi wake. Akasema: "Chukua. Sema umemvua wewe. Hakuna atakayekuamini, basi hata uwongo si uwongo." Namshukuru Mohdhar kwa moyo wote. Samaki alikuwa wa wastani.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikula kwenye varanda ya skuli. Pilau, kolekole wa kupaka, na kina mama wakampa Mwalimu mkeka wa kusuka wa rangi tatu. Watu walipokuwa wananawa nikamletea rili, nimeifunga kwa kikoi kipya. Akaifungua. Akauvuta mshipi kidogo, akauzungusha mkono. Akauzungusha tena. Akaisogeza sikioni.

Sura ikambadilika. Akaniuliza: "Bwana Famau, ile sauti imekwenda wapi?"

Nikasema sauti gani.

Akasema ile ya kru-kru. Rili ya baba imekuwa na sauti hiyo tangu yeye ni mtoto. Baba aliipeleka kwa mafundi mjini mara mbili, hawakuona kitu. Mwisho akasema iacheni, inazungumza. Hiyo ndiyo waliyokuwa wakiisikia jioni wakajua yuko mlangoni.

Nilikaa kwenye ngazi. Kumbe kru ilikuwepo. Sikuijua kwa sababu sikuwa nimeizungusha kabla haijaanguka. Nilikuwa nimeishika tu nikiisimulia. Wiki nzima nimeifukuza sauti ya marehemu, na nimeipata, na nimeitoa.

Nikafungua mdomo kumweleza juu ya samaki. Nilifika kwenye neno samaki. Alikuwa ananitazama. Basi samaki yule akaanza kupungua, akawa wa dau, akawa wa mlango, akawa dagaa, akaisha. Sijapatwa na jambo hilo maishani. Nikamwambia kweli tupu: kibanda, bamvua, ndoana kwenye pete, maji ya kisima, sifa, vitu ishirini na saba chini ya shuka alipokuja kusalimu. Nikamwambia aliyetengeneza ni Nadra. Watu walinyamaza wote, isipokuwa kwenye sifa.

Nikatoa lile kasha la kiberiti mfukoni, nikampa. Nilikuwa nimelibeba kwa ajili ya Mohdhar.

Akalifungua. Akazitazama zile chembe tatu. Akasema huo ni mchanga wa ziwa la kwao, mweusi, walikuwa wakiuchezea utotoni mpaka mama anawakemea kwa kuchafua nguo. Akalifunga kasha, akalishika kwa mikono miwili. Akasema baba ametafuta vitu hivi vitatu miaka yote. Akacheka, na machozi yanamtoka, na hakuyafuta haraka. Akasema atamfikishia mama vyote viwili, rili ya kimya na sauti ndani ya kasha.

Kisha akamshika Nadra mkono, akamwambia asante dada. Na mimi akaniambia: "Asante pia, Bwana Famau, kwa kuiangusha."

Nikamwambia karibu.


Jumamosi, 26 Oktoba

Ameondoka kwa boti ya asubuhi. Razan alimsomea barua aliyoiandika mwenyewe, mistari kumi na moja, hakusimama hata mahali pamoja. Mimi nililia kwa sababu ya moshi wa injini. Mohdhar naye moshi ulimpata.


Jumapili, 27 Oktoba

Watu wamenifuata kibandani kutaka kusikia. Nimewaeleza kwa utulivu. Rili ile ilikuwa na ugonjwa wa miaka thelathini, mafundi wa mjini wameshindwa. Mimi nilipoishika tu, hata sijaizungusha, mkono uliniambia. Na njia ni moja: mtanga wa zamani hutolewa na mtanga mpya. Ndiyo maana nikaiacha kwenye bamvua. Kwa makusudi. Kwa saa maalumu. Mwenyewe Mwalimu alinishukuru mbele ya watu kwa kuiangusha, wako mashahidi. Mohdhar, ambaye ni shahidi, akaomba kujua kama sifa nayo ilikuwa kwa makusudi. Nikamwambia asikilize, tutafika huko.

Mchana Mwalimu ametuma ujumbe kwamba amefika Mombasa salama, na mama yake anataka jina la fundi ili amtaje kwenye maombi. Haki ni haki. Nikaandika: Nadra. Kisha nikaona mama wa watu huenda akauliza Nadra alikuwa na nani, nikaongeza: chini ya usimamizi wa Famau.

Lakini moyoni nina deni la shukrani kwa mke wangu, na maneno hayatoshi. Leo ameitwa harusini Amu, harudi mpaka magharibi. Nimepita chumbani nikaitazama cherehani yake. Miaka kumi na tisa inamtumikia na sijawahi kumsikia akisema imefanyiwa huduma. Nimelizungusha gurudumu lake. Haina sauti yoyote. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Nimeitandikia shuka. Skrubu nne za mwanzo zimetoka bila tabu, ya tano imerukia uvunguni, nitaiona. Ina vitu vingi kuliko nilivyodhani. Alhamdulillahi, mchana bado mrefu.